Dengu Zisizo na Bizari

"Shakuntala, acha kumlisha mwanangu mapochopocho yako," nilimfokea jirani yangu mlangoni kwake. "Mgonjwa wa manjano hali mafuta wala bizari. Au unataka afe kama wako?"

Majirani walikuwa wakichungulia ngazini.

Macho ya Shakuntala yalikuwa kwenye shada la vijiti alilovaa shingoni mwanangu, aliyesimama kando yangu, lile la mganga, linalorefuka kadiri manjano yanavyomtoka mtu. Lilikuwa limeshafika kitovuni. La mwanawe lilikomea shingoni, tukauchoma mwili wake nalo ukingoni mwa mto Ganga.

Akafunua sufuria aliyoishika. Dengu zilikuwa zimepauka, hazina tone la mafuta wala chembe ya bizari.

"Tangu mwanangu aondoke sijaweza kupika vingine," akasema. "Ingia nawe ule, dada."