Mtoto Aliyeitwa Anaki

Katika mtaa wa Bi Rukia, kila nyumba ilikuwa na masikio. Serikali ilikwishazipa nyota nambari, na aliyetamka jina la kale la nyota yoyote, nyumba yake ilimzimia umeme hadi asubuhi.

Jioni ya kumpa mjukuu jina, binti yake Saumu alimpakata mtoto, akasema, "Mama, wewe ndiye wa kumwita."

"Anaki," Bi Rukia akatamka waziwazi. "Waarabu wa kale waliiita nyota hiyo Anaki al-Ardhi, yaani simbamangu. Jicho huona nyota moja, kumbe ni nne zilizoshikamana."

Taa zikazimika. Jiko nalo likazima, na uji wa mzazi haujaiva.

"Mama, utatuponza!"

"Wamezima taa, ulimi wangu hawajauzima." Akamchukua mtoto, akatoka naye barazani, akapaza sauti: "Anaki!"

Jirani akaitikia dirishani, "Anaki!" Nyumba yake ikazima. Sauti zikapokezana hadi mtaa mzima ukawa giza totoro.

Saumu akatoka, akainua uso. Tangu azaliwe, mwanga wa taa za mtaa ulimficha nyota; sasa zilitapakaa angani. Mwisho wa barabara magari ya doria yalianza kunguruma. Akayasikia, akasogea karibu na mamaye, wala hakurudi ndani.