Jogoo wa Wageni

Mansuri alikanyaga mabawa ya jogoo, akaivuta shingo. Chini ya kidole gumba chake mshipa ulidunda haraka haraka, wa moto.

"Piga bismillahi, uchinje," alisema baba yake kutoka kwenye kiti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza kwa kiharusi, na wageni wa Kiomboi walikuwa sebuleni wakingoja chakula.

"Siwezi, baba."

"Mwanaume mzima, ndevu hizo!"

Kisu kilimponyoka Mansuri kikaanguka vumbini. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mzee alijikongoja hadi mlangoni, akasimama pale kama wanavyosimama wajane wa mtaani wakiwa na kuku wa kuchinjwa, akamwita bodaboda aliyekuwa akipita.

"Kijana, wewe Mwislamu? Ingia unichinjie kuku. Nyumba hii haina mwanaume."