Steringi Hafi

“Steringi anakufaje kwa mwiba wa samaki?” Kibwana aliifokea runinga kana kwamba ina masikio. Nayo ilikuwa nayo. “Sehemu ya kwanza alisambaratisha maroboti mia peke yake, hata shati halikuchafuka. Hii ya pili anakabwa mezani, halafu mkewe anafungua madirisha, anaimba! Andika maoni yangu: aliyetunga upuuzi huu ana roho mbaya. Steringi hafi!”

Siku hizo filamu zilijitunga papo hapo, sebuleni. Steringi alipewa sura ya baba mwenye nyumba, na hadithi ikafuata matamanio ya aliyeshika rimoti. Miaka yote aliishika Kibwana. Leo alichelewa kwa kinyozi, akaikuta filamu imeshaanza.

“Maoni yamepokelewa,” runinga ilijibu kwa adabu. “Yamefikishwa kwa mtunzi.”

Rimoti ikalia mapajani mwa mkewe, Mwanahawa.

Mwanahawa aliyasoma maoni yote, taratibu, mpaka neno la mwisho. Kisha akamsogezea mumewe sahani ya changu wa kukaanga.

“Kula, baba Rukia,” alisema. “Samaki anapoa.”