Breki za Mwalimu Anastazia

Keraryo alikuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe nje ya kanisa, shati lake la Jumapili likishika vumbi, akichungulia nyuma ya tairi la mbele la gari lisilo lake.

Ilikuwa Starlet nyekundu ya Mwalimu Anastazia, kigari kidogo chenye mbio ambacho nusu ya Musoma walikijua kwa mlio tu. Miezi mitatu nyuma mwalimu alikuwa amekipeleka kwenye gereji ya Keraryo. Akitoka Butiama, anakofundisha, ng'ombe walikatiza barabara ghafla karibu na Kiabakari. Breki zilishika kwa shida. Gari lilisimama pembe ya ng'ombe ikiwa imeshagusa taa.

"Nataka breki zinazolingana na hii injini," alisema siku hiyo. "Ila mshahara wa mwalimu unaujua, fundi."

Keraryo alimwambia ukweli kama alivyoujua yeye. Breki za namna hiyo zinaagizwa nje, na bei yake inakaribia nusu ya bei ya gari. Bora apunguze mwendo.

Mke wake, Boke, alikuwa akipanga spea kwenye rafu, kazi aliyoifanya pale kwa miaka tisa.

"Baba Ghati," alisema, "ile Corolla iliyopinduka, inayouzwa vipande pale Bweri, si ina diski kubwa? Mbona hizo zingeingia kwenye Starlet, na kalipa zake za kuzibana."

"Nani kakwambia zinaingia?"

"Nimeziangalia."

"Angalia mboga isiungue," Keraryo alisema. Mwalimu alicheka kidogo, cheko la aibu, akawasha gari lake akaondoka.

Na sasa diski za Corolla zilikuwa mbele ya macho yake, pana, zinang'aa, zimekaa kwenye Starlet kana kwamba zilizaliwa nayo. Kalipa za Corolla. Pedi mpya. Kila nati ilikuwa imepigwa mstari mweupe wa rangi, ili ikilegea ijulikane. Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo lililomuuma kwanza.

Aliposimama kujikung'uta, Mwalimu Anastazia alikuwa nyuma yake, Biblia kwapani.

"Zinashikaga vizuri sana siku hizi," alisema. "Na sikutoa hata robo ya ile bei yako."

"Nani kakufungia?"

Mwalimu alisita. "Nilipeleka Bunda. Kwenye gereji ya Jofrey."

Keraryo alisema vizuri, hongera, akaenda kusimama peke yake karibu na ukuta.

Jofrey ndiye aliyemposa Boke kwanza. Alimkosa kwa sababu ng'ombe wa kwao walipungua wanne tu, na baba yake Keraryo alikuwa na zizi lililojaa. Siku mahari ilipopokelewa, Boke alilia. Keraryo hakuwahi kumuuliza alimlilia nani.

Na kila Alhamisi, kwa miezi hiyo hiyo mitatu, Boke alikuwa akienda Bunda kufuata mchele. Alirudi jioni amechoka, ngozi yake inanukia sabuni. Keraryo alikuwa ameliona hilo akalinyamazia. Mtu anayetoka sokoni anaoga wapi?

Sasa hakuhitaji kuuliza. Wazo lililotoka kwenye gereji yake mwenyewe lilikuwa limefika kwa Jofrey, na wazo haliendi Bunda kwa miguu yake. Kuna mtu alilipeleka. Na kama alipeleka hilo, alipeleka na nini kingine?

Jumatano alimsubiri mkewe amalize kukunja nguo.

"Kesho unaenda tena?"

"Naenda."

"Mchele upo nusu gunia, Mama Ghati."

"Nimeshaahidi, Baba Ghati."

"Umemwahidi nani?"

Boke alilaza kitenge juu ya kitenge kingine, akavisawazisha kwa kiganja. "Kuna mtu ananisubiri. Nikirudi tutaongea. Kuna jambo nataka kukwambia, na naogopa."

Keraryo hakulala usiku ule. Asubuhi alimwacha atangulie, kisha akawasha pikipiki. Alipita Kiabakari bila kuiona. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipofika katikati, maneno yalimgeukia kuwa ngumi.

Gereji ya Jofrey ilikuwa kimya. Pembeni palikuwa na kichumba cha mabati, mlango wazi. Mbele ya mlango, kandambili za Boke. Ndani, kwenye msumari, kitenge chake na blauzi yake.

Chumba kilikuwa kitupu.

Keraryo alizunguka nyuma ya mabati. Jofrey alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva cha Vitz ya bluu iliyoinuliwa kwa jeki, mlango wazi, mikono juu ya usukani kama mtu asiye na shughuli yoyote duniani. Keraryo alimkamata kola ya shati kwa mikono miwili.

"Mke wangu yuko wapi?"

Jofrey hakujitetea. Hata hakuinuka.

"Kaka Keraryo, nipige baadaye," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi siwezi kutoa mguu kwenye pedali. Fundi atanigombeza."

"Achia," Boke alisema kutoka chini ya gari. "Haya, minya tena, Jofrey. Bado kuna upepo kwenye breki."