Simu ya Mama Haishiki Mtandao

Fundi alihakikisha mama hatazami, akaongeza herufi moja isiyohusika kwenye mipangilio ya intaneti, akahifadhi. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kihalali.

“Bado inagoma, mama.”

“Simu za mtaa mzima unazifungulia intaneti, yangu tu ndiyo inakushinda? Kweli kinyozi hajinyoi.” Mama alicheka, akaendelea kumenya vitunguu. “Mimi nataka nimwone kaka yako uso, basi. Hizi meseji zake hazina macho.”

Fundi akajikuna shingo pasipowasha. Meseji hizo alikuwa akiziandika yeye.

Kaka mkubwa alifia ugenini, mkewe akamzika hukohuko, wiki ileile mama alipotoka kufanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alikuwa amekataza asishtuliwe. Fundi akanunua laini nyingine, akahifadhi namba yake kwenye simu ya mama kwa jina la kaka, akaandika: *Nimebadili namba, mama. Niko salama.* Alidhamiria iwe kwa siku chache tu. Mwaka ukakatika. Mama akapona, akanenepa, akarudia kuwasema majirani, na yeye bado hajapata pa kuanzia.

Kilichomtafuna zaidi ni majibu. Mama hakuwahi kumwuliza kaka atarudi lini. Hata meseji ikimfikia asubuhi kweupe, jibu lilikuwa lilelile: *Pumzika, mwanangu.* Fundi aliyasoma akiwa dukani, amewapa wateja kisogo, akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa anaiba baraka za marehemu.

Sasa mama kataka intaneti. Intaneti ikifunguka, atataka uso. Na uso Fundi angeutoa wapi?

Jumapili hiyo duka halikufunguliwa, kwa hiyo akamsindikiza mama kwa mama mdogo, mtaa wa pili, ambako mama alizoea kwenda peke yake. Dada wawili hao wakaingia jikoni na vicheko vyao. Mama akamwachia simu mapajani.

“Ijaribu tena, Fundi. Usikate tamaa.”

Leo aliazimia kusema imekufa kabisa, haitengenezeki. Njia ya mwongo ni fupi, naye alishachoka kuirefusha. Lakini kabla hajagusa kitu, simu ikalia mlio wa meseji. Ikalia tena. Juu ya kioo palikuwa na alama ya waifai: ya mama mdogo, imeshika yenyewe, wala haikuomba nywila.

Fundi akaikodolea macho. Kazi yake ndiyo hiyo. Simu haijiingizi yenyewe mahali ambapo haijawahi kuingizwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta mikono kwa kanga.

“Mama, hii… nani aliiunganisha hapa?”

Mama akaja akaketi kando yake, akamwekea mkono gotini.

“Mama yako mdogo. Hapa ndipo ninapozungumza na mke wa marehemu kaka yako, kila Jumapili, tangu nilipopata nguvu za kutembea.” Akaichukua simu taratibu, akaizima. “Intaneti nilikuomba wewe ili upate pa kuanzia, mwanangu.”