Risasi Inayobaki Ndani

Dubu wa mbao alikuja mbio kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Marit Lunde hakufyatua. Alisimama tu, ameinua bastola kwa mikono miwili, mpaka kigari kilichombeba yule dubu kikagonga gogo mbele ya buti zake za mpira na kusimama.

Virgil Odegaard, mwenye duka la silaha, alizima mota ya kuvutia kamba na kujifuta mvua usoni. Hakuwa akimuuzia mtu bastola ya kwendea msituni kabla ya kumleta hapa nyuma ya duka, mbele ya huyu dubu aliyemchonga mwenyewe. Kutoka ukutani mpaka kwenye gogo dubu huyo alitumia sekunde tatu. Wavuvi wenye ndevu zao walishatimua mbio hapa na kuacha kofia.

"Humtazami dubu," Virgil alimwambia. "Nimekuona. Unatazama nini?"

"Kilicho nyuma yake."

"Nyuma yake kuna tuta la udongo, basi. Mtazame yeye."

Mvua ilizidi, wakarudi ndani. Virgil hakumlaumu, maana mji mzima ulijua kwa nini mkono wa Marit umekuwa mzito. Septemba iliyopita, kwenye kibanda chao cha juu ya kijito, dubu alimuua mumewe, Harlan, na Marit akatokea na kumwangusha yule mnyama kwa risasi moja. Karatasi ya kifo iliandika dubu. Tangu siku hiyo wanaume walimvulia kofia kila alipopita, na Virgil aliuza maboksi kwa maboksi ya zile risasi ngumu alizozimimina mwenyewe kwenye kalibu, ambazo wateja walikuwa wameshaanza kuziita risasi za Marit. Mji mdogo ukipata shujaa humtumia mpaka achakae. Marit kila alipolisikia jina hilo aligeuza uso.

Jumamosi ilikuwa lazima apande tena kule. Binti yake, Solveig, alikuwa ameshasema ataenda, mama yake atake asitake: samoni wameanza kuingia kijitoni, na kibanda cha baba cha kukaushia samaki hakiwezi kukaa kimefungwa milele. Solveig alikuwa na miaka kumi na tisa, habishiki. Njiani hutangulia siku zote, kwa hatua ndefu za baba yake, wala hageuki nyuma.

Marit alikuwa hajalala wiki nzima. Alimwogopa dubu, ndiyo, lakini zaidi alimwogopa Harlan, ambaye alikuwa bado anamwita. Alimwita kwenye birika likianza kuchemka, alimwita kwenye bomba la maji jikoni. Jina lake tu, mara mbili, halafu kimya.

Virgil alitandika kitambaa juu ya meza na kupanga bastola mbili. Ya kwanza ilikuwa ya risasi sita, nzito, inayorusha teke la punda, ndugu yake ile aliyokuwa nayo Marit Septemba. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuvaa ndani ya koti. Marit hakuuliza bei wala uzito. Aliuliza risasi ya kila moja inafika wapi.

Hapo Virgil alinawiri, kwa kuwa hilo ndilo somo alilolipenda. Akagonga ile kubwa kwa kidole.

"Hii? Inaingia begani, inavunja mfupa, inapita kifuani, inatokea upande wa pili na bado ina safari yake."

Marit aliisukuma pembeni kwa ncha za vidole. "Na hiyo ndogo?"

"Hii risasi zake zina kichwa laini. Zikiingia zinapasuka, zinabaki humohumo."

"Nipe hiyo."

Virgil alicheka. "Shemeji, hii ni ya mwizi wa mjini aliyevaa fulana. Dubu ana mafuta shibiri nzima kabla hujafika kwenye nyama. Utakuwa umemkuna tu, na atakushukuru kwa kukula."

Marit alisema anataka hiyohiyo, na maboksi mawili ya risasi laini. Ndipo kicheko kilipomkauka Virgil. Yeye na Harlan walikuwa marafiki tangu shule. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, na hakuwa tayari kubeba jingine kutoka nyumba ileile. Akamweleza taratibu kwamba hofu ndiyo inayomchagulia silaha. Akamwambia hakukosea chochote siku ile, kwamba alimkuta Harlan ameshakata roho, na hakuna binadamu ambaye angefanya zaidi. Alikuwa akisema kweli yake yote, na macho yalimlengalenga.

"Niuzie, Virgil. Solveig atakuwa mbele yangu."

"Ndiyo maana siuzi. Dubu atamshika mtoto, wewe utamwaga hizo risasi zako laini zote mgongoni kwa huyo dubu, na hatageuka hata kukutazama." Akairudisha ile kubwa katikati ya kitambaa. "Miaka thelathini niko nyuma ya meza hii. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba risasi yangu ilipita ikatokea upande wa pili."

Marit aliweka mikono juu ya meza.

"Dubu alikuwa amemlalia Harlan," alisema. "Na nilipofyatua, Harlan alikuwa bado hai chini yake, ananiita."