Daraja la Langtang

Njuga zilisikika kabla nyumbu hawajatokeza kwenye kona ya Syabrubesi, na Nurbu, mwongoza watalii, akajua wanashuka kutoka Langtang.

"Basi twende Gatlang," mgeni wake kutoka Kathmandu alisema. "Huko au Langtang, kote ni siku tano, kote mwendo wa wastani. Na kama daraja la Langtang limekatika..."

"Limekatika kabisa." Mwaka wa saba huu Nurbu anawaambia wageni hivyo.

Mchunga nyumbu, ndugu wa marehemu mkewe, akaangua kicheko mlangoni mwa mkahawa. "Limekatika, shemeji? Nyumbu hawa wamepaa?"

Bilauri ya chai ilikuwa ikimchoma Nurbu vidole. Hakuiweka chini.

"Mama anakuulizia," shemeji akasema, sasa hacheki. "Bendera za dua pale poromoko lilipomfukia dada zimebaki nyuzi. Tukitaka kufunga mpya anatufukuza. Anasema mwenye mke yu hai, azifunge yeye."

Mgeni akaifungua ramani tena. "Kumbe njia ipo?"

Shemeji alikwisha kupiga simu. Akamwekea Nurbu sikioni. Upande wa pili kulikuwa na pumzi ya mtu mzima, ikingoja.

"Mama," Nurbu alisema, "keshokutwa nitazifunga mwenyewe."